Taragoni Haina Mbegu

Nyumba nzima ilimwona Mama Majani mchoyo, na yote hayo ni kwa sababu alisema kweli. Wifi yake alimwomba mbegu za taragoni, naye akamjibu kwamba taragoni haina mbegu. Basi, hakuna lingine. Kwa jibu hilo moja akaitwa mjanja, mbinafsi, mwanamke mwenye roho ya korosho, na ikawa kila akiingia jikoni mazungumzo yanakatika ghafla na watu wanaanza kuulizana habari za afya.

Jina lenyewe la Mama Majani alibandikwa na wifi huyohuyo. Ulikuwa mwaka wa nne wa ndoa, mtoto hajaja, na wifi akatamka mezani mbele ya wageni kwamba wenzake wanalea watoto, huyu analea majani. Watu walicheka kidogo, wakajifanya wanakohoa. Mwenye kutaniwa hakununa wala hakuondoka mezani. Alisema jina limempendeza, na kuanzia siku ile akalitumia mwenyewe, hadi wapishi wa hoteli wakawa wanamwita hivyo kwa heshima zote. Wifi alilitoa jina kama kofi, likageuka cheo, na jambo hilo halijamshuka kooni mpaka leo.

Sasa taragoni. Ni jani jembamba, refu, la kijani kilichoiva. Ukilitafuna, kwanza unasikia utamu wa mbali, kama wa pipi za kikohozi, halafu ncha ya ulimi inakufa ganzi. Ganzi hiyo ndiyo alama yake. Wapishi hulitia kwenye siki, kwenye mchuzi mzito wa kuku, kwenye mayai, na aliyelizoea hataki kudanganywa na jani jingine. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mama Majani alikuwa anaosha vyombo katika hoteli iliyo juu ya barabara yao, na ni yeye peke yake katika jiko lile aliyewahi kumuuliza mpishi mkuu lile ni jani gani. Mpishi alikuwa mtu wa kununanuna, lakini swali lilimfurahisha. Alimpa kipande cha mzizi, urefu wa kidole, kimefungwa kwenye gazeti bichi, akamwonya kwamba mmea ule hauzai mbegu; akiuua ndio basi.

Hakuuua. Kutokana na kipande kile alipata tuta la hatua kumi nyuma ya nyumba ya wakwe zake, chini ya ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi saa tisa. Hatua kumi, na kila shina ni mwili uleule wa kile kidole kimoja. Maua yakitokea ni machache, na ndani hamna kitu. Ukitaka taragoni mpya sharti umegue ya zamani, mzizi wake au ncha ya tawi lake. Tena kila mwaka wa tatu lazima uing'oe yote, uitenganishe, uipande upya, maana moyo wa kichaka unageuka kuwa mti mkavu na kuanza kuzinyima chakula pembe zake. Hilo alijifunza kwa machungu. Mara ya kwanza hakujua, akaiacha ilivyo, akapoteza nusu ya tuta, akalia kama aliyefiwa. Mumewe alimuuliza kama ana akili timamu.

Mume huyo alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari ndefu na maelezo mafupi. Kwa miaka miwili alionekana nyumbani siku za kuhesabu. Kisha akampigia simu mama yake kwamba ameoa mke mwingine huko aliko, kwamba atamleta nyumbani msimu wa baridi ukiisha, na kwamba yule wa hapo aambiwe ajiandae kuondoka. Hakumpigia mwenyewe. Mama mkwe ndiye aliyebeba ujumbe, akautoa huku anachambua mchele, macho hayainuki kwenye sinia.

Mama Majani alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mchele ule ni wa leo au wa kesho, akatoka nje. Alikwenda kukaa bustanini juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hapa hatutii chumvi wala hatupunguzi: aliumia kiasi kwamba alikaa pale mpaka giza likaingia. Alipoinuka, alikuwa amekwisha kukata shauri. Nyumba ni yao, wabaki nayo. Mume wakimtaka, wamchukue pamoja na malori yake. Lakini taragoni anaondoka nayo, na atakayesimama njiani wataonana.

Wifi naye alikuwa na hesabu zake. Alikuwa karani katika ofisi ya maji, mwanamke wa kucha ndefu na viatu visivyojua tope, ila alisikia kwamba hoteli inanunua jani lile kwa Mama Majani, na hailipati mahali pengine popote mjini. Akaona hapa pana cheo cha bure. Ndipo alipokuja na kikombe kitupu kuomba mbegu, kama mtu anayeomba chumvi. Alipojibiwa kwamba hakuna, alitabasamu tabasamu la mtu aliyekwisha kuelewa mchezo, na kesho yake akarudi na pakiti kutoka duka la pembejeo. Juu ya pakiti palikuwa na picha nzuri, na chini ya picha pameandikwa taragoni.

Mama Majani alimweleza tena, taratibu, bila kejeli. Ile ya kwenye pakiti ni ndugu wa jina tu. Inaota kwa mbegu, inarefuka haraka, lakini haina ladha. Wifi alimwangalia, akaiangalia pakiti, na kati ya hao wawili akaamini pakiti.

Na mbegu zikaota. Laiti zisingeota, mambo yangeishia pale. Ziliota kwa fujo, zikafika kiunoni wakati taragoni ya Mama Majani iko magotini, na mama mkwe akawa anawaleta majirani bustanini kuwaonyesha mkono wa bintiye. Mmoja wao alimuuliza Mama Majani, kwa huruma ya uongo, yake imepatwa na nini mbona imedumaa. Akajibiwa kwamba haijapatwa na kitu, imezaliwa na adabu.

Wifi alifunga fungu kubwa na utepe juu, akalipeleka hotelini. Habari ya kilichotokea huko ilishuka barabara ile kwa kasi kuliko yeye mwenyewe. Mpishi mkuu alitafuna jani moja, akasubiri. Akatafuna la pili, akasubiri tena. Halafu akamuuliza wifi, kwa upole kabisa, wanangoja nini. Fungu lilirudi na utepe wake.

Mtu mwingine angeona haya, au angalau angejiuliza. Wifi alirudi amevimba, akamwambia mama yake kwamba Mama Majani amemjaza mpishi maneno, na kwamba mbegu za kweli anazo, kazificha. Kuanzia hapo chumba cha Mama Majani kilikuwa kinapekuliwa kila akienda sokoni. Walifunua godoro. Walifungua mkebe wa sukari. Alikuwa akirudi anakuta vitu vimerudishwa karibu na mahali pake, si mahali pake hasa, naye akawa anaviacha hivyohivyo ili wajue kwamba amejua.

Baridi ikaja, bustani ikalala. Ilipoanza kulegea, familia ikaitisha kikao sebuleni. Simu iliwekwa katikati ya meza ya kioo, juu ya kitambaa cha kufuma, na sauti ya mume ikatoka humo kama ya hakimu. Alisema bustani iko katika uwanja wa baba yake, kwa hiyo kilichomo ni cha nyumba. Lakini yeye si mtu mbaya. Mizizi igawanywe nusu kwa nusu, na mama yake achague kwanza.

Kila mtu alimgeukia Mama Majani akitarajia machozi. Yeye alikuwa anaiangalia ile simu na kukumbuka kwamba katika miaka kumi na mmoja, mwenye sauti ile hakuwahi kubeba ndoo moja ya maji hadi kwenye tuta. Hasira zilimpanda, akaziacha zipande, maana zilikuwa na haki ya kupanda. Ila alikumbuka jambo jingine pia: huu ulikuwa mwaka wa tatu. Taragoni ilikuwa ing'olewe mwezi huo hata kama dunia nzima ingekuwa shwari.

"Sawa," alisema. "Tutagawana Jumamosi asubuhi, nje, kila mtu akiona. Nachimba mimi. Na nitawaambia kila mzizi ulivyo, bila kuficha. Mkiniamini mniamini, msiponiamini shauri yenu."

Jumamosi alitandika magunia mabichi kwenye kivuli, akapiga magoti. Aliingiza uma wa bustani mbali na shina, akanyanyua kidogokidogo hadi ardhi ikaachia, akakung'uta udongo. Hakutumia kisu. Mizizi ile ni myepesi kukatika na imejisokota yenyewe kwa yenyewe, ukiikata ovyo unaua zaidi ya unachookoa. Alitenganisha kwa vidole, akifuata kila mmoja unakotoka, na mama mkwe aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kusimamia haki akajikuta anainama mbele kutazama.

Hadi jua linapanda, palikuwa na malundo mawili. Moja lilikuwa la mioyo ya vichaka, mashina manene kama dole gumba, magumu, yenye sura ya kitu cha kudumu. La pili lilikuwa la vizizi vyembamba, vyeupe, vyenye vichipukizi vidogo kuliko punje ya mchele. Wifi alichungulia lundo la pili, akakunja pua.

"Mama," Mama Majani alimwambia mkwewe, na hakumwangalia mwingine. "Hii minene imezeeka. Kazi yake imekwisha, mimi huwa naitupa. Inayoota ni hii myembamba yenye vichipukizi. Chukua nusu ya hii."

Wifi alicheka hadi akashika ukuta. "Umemsikia, mama? Anatusukumia nyuzi, yeye abaki na mashina."

"Nilisema haina mbegu, hamkuamini," alisema Mama Majani. "Leo nimesema tena. Mara ya tatu sisemi."

Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mkwewe usoni muda mrefu. Wanawake wale wawili walikuwa wameuguzana, wamechota maji pamoja, wameketi jiko moja kwa miaka kumi na mmoja, na Mama Majani alidhani, kwa pumzi moja tu, kwamba bibi huyu atasema la haki. Kisha mkono wa mama mkwe ukanyooka, ukaelekea lundo la mashina manene. Akasema yote haya ni yetu, wewe chukua hivyo vizizi, usije ukasema tumekupunja.

Kwa hiyo walimpa kila kilicho hai katika bustani ile, wakaona wamemkomoa. Mtu angetegemea afurahi. Hakufurahi. Kilimchoma kwamba neno lake, baada ya miaka yote ile, lilikuwa jepesi kuliko karatasi yenye picha. Alikunja magunia yake juu ya vizizi, akayapakia kwenye toroli, akaweka na mkoba wa nguo juu.

Mama mkwe alimwelekeza mlango wa uani, kwamba barabarani watu ni wengi. Mama Majani aligeuza toroli kuelekea nyumba.

"Niliingia kwa mlango wa mbele nikipigiwa vigelegele," alisema. "Natokea hukohuko."

Akalipitisha toroli jikoni, akalipitisha sebuleni kando ya meza ya kioo, gurudumu likichora mstari wa tope juu ya zulia walilokuwa wamelifua kwa ajili ya mke mpya. Majirani walikuwa wamejipanga nje hawana hili wala lile, kila mmoja anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Aliwasalimu wote, mmoja mmoja, bila haraka.

Alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, mtaa wa tatu kutoka hapo. Uwanja wake ulikuwa na udongo mzito unaokamata maji, na taragoni ikilowa miguu inaoza. Siku mbili alibeba mchanga na kokoto, akachanganya, akainua tuta juu kama kitanda. Alipanda vizizi vile vimelala, kina cha vidole viwili, hatua moja kati ya kimoja na kingine. Mwenye nyumba, yule fundi, alimuuliza kwa upole kama ana hakika nyuzi zile zitaota, maana yeye nyuzi anazijua. Mama Majani alimwambia zisipoota atampa azishonee.

Wiki ya tatu ardhi ilipasuka mahali ishirini na sita. Vichipukizi vilitoka vyekundu kidogo kwenye ncha, vikageuka kijani, na siku ile Mama Majani alichelewa kunywa chai kwa sababu ya kuvihesabu mara nne. Vilipofika urefu wa kiganja alianza kuchukua vipandikizi: ncha ya tawi, urefu wa kidole, majani ya chini yamenyofolewa, inachomekwa kwenye kopo la mchanga mbichi na kufunikwa na chupa ya plastiki iliyokatwa. Hakuna aliyemfundisha wingi huo. Alikuwa anamegua kwa hasira njema, kila kopo akiliambia kimoyomoyo kwamba hili haliko katika uwanja wa baba wa mtu. Joto lilipoanza alikuwa na makopo sitini kwenye ngazi za fundi, na wateja wa cherehani wakawa wanayaruka kama watoto wanaocheza.

Mpishi mkuu alikuja mwenyewe, na aproni yake. Alitafuna jani, akasubiri, uso ukalegea. Alijaribu kusema neno, ulimi ukakataa kumtii vizuri, akatikisa kichwa tu na kuonyesha kwa vidole mafungu mangapi anataka. Fundi cherehani, ambaye hakuwahi kumwona mpishi huyo akifurahi, alitoka dukani kushuhudia.

Mama mkwe alikuja wiki iliyofuata, mchana wa saa saba, peke yake. Alikuta Mama Majani amechuchumaa na makopo. Akakataa kiti, halafu akakikubali. Alisema mashina yale yameoza yote. Alisema mke mpya amefika, ni mtu wa maneno mengi, na tope hataki kulisikia. Kisha akatoa lililomleta: mwanawe amesema Mama Majani arudi. Atapewa chumba cha uani, aangalie bustani, hakuna atakayemsumbua.

Mama Majani alichomeka kipandikizi kimoja, akakibana kwa vidole, akachukua kingine.

"Siku ile nilijua unasema kweli," alisema mama mkwe.

Mikono ya Mama Majani ikasimama. "Ulijua?"

"Nilijua. Hujawahi kunidanganya hata siku moja."

"Sasa kwa nini, mama?"

Bibi yule aliangalia makopo, si uso wake. "Ningekuamini kwenye mizizi, ingenibidi nikuamini na kwenye mengine yote, nikiri kwamba tunakufukuza bila kosa. Ningemwambia nini mwanangu?"

Miezi yote hii Mama Majani alikuwa amemsamehe huyu mama kwa kudhani hakuelewa. Kumbe alielewa. Alielewa na akanyoosha mkono vilevile. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akachagua kopo lililostawi kuliko yote na kuliweka juu ya ukingo kati yao.

"Hili ni lako," alisema. "Sikunyimi. Lakini kwanza mpigie mwanao umwambie ulichoniambia mimi. Sasa hivi, nami nasikia."

Mama mkwe alilitazama kopo. Fundi alikuwa amesimamisha cherehani yake. Hatimaye bibi alifungua pochi, akatoa simu, akaibonyeza, akaiweka sauti juu bila kuambiwa.

"Mwanangu," alisema, "mkeo alituambia kweli tangu mwanzo. Kwenye mbegu, na kwenye mizizi. Nami nilijua, nikanyamaza."

Sauti ya upande wa pili iliuliza mke yupi.

"Sina mkwe mwingine aliyewahi kuniambia kweli," alisema mama mkwe.

Kisha mume akauliza, kwa sauti ya chini ambayo Mama Majani hakuwahi kuisikia kwake, sasa atarudi lini. Mama mkwe aliinua macho kumwangalia mkwewe, na safari hii hakuyakwepesha.

"Mwambie nina kazi," alisema Mama Majani, akachuchumaa, akavuta kopo linalofuata.